Mzee Anayetumia Dawa za Kuzuia Damu Kuganda Akiumia Kifua: Mwongozo Kamili kwa Familia

Mzee akiteleza bafuni na kugonga ubavu kwenye ukingo wa sinki, mara nyingi huinuka mwenyewe, akajipangusa na kusema hakuna kitu. Pengine ni kweli. Lakini kama humeza warfarin, apixaban, clopidogrel au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, utulivu wa saa ya kwanza hauthibitishi chochote. Damu inaweza kuvuja ndani ya kifua taratibu kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, bila mchubuko mmoja kuonekana nje.

Mwongozo huu ni wa mzee mwenyewe na wa wale wanaoishi naye. Unafuata mambo yanavyotokea: dakika za kwanza, hospitalini, kisha wiki za kuangalia nyumbani. Hauchukui nafasi ya daktari wake. Unataka afike kwa daktari mapema, akiwa na maelezo yanayohitajika, na asiwepo mtu wa kumwachisha dawa kwa kubahatisha. Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye pakiti ili uweze kuyalinganisha.

Kama ameshaanguka, anza hapa

Piga simu ya dharura au mpeleke hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Anapumua kwa shida, au hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha ili avute pumzi. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 24, hiyo ni dharura.
- Anakohoa damu.
- Midomo, fizi au kucha zimegeuka kijivu au buluu. Kwa mwenye ngozi nyeusi, angalia ndani ya midomo na kwenye fizi.
- Ana kizunguzungu, jasho la baridi, amepauka au amezimia hata kwa sekunde chache.
- Amechanganyikiwa, anasinzia ovyo, au hayuko kama alivyokuwa asubuhi.
- Sehemu ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi huku kifua kingine kikipanda.
- Tumbo la juu linauma, au bega linauma ingawa halikugongwa popote.
- Amegonga kichwa, hata kama ni kidogo na hajisikii vibaya.
- Ana jeraha lililochoma au kupasua kifua.

Asipokuwa na dalili hata moja kati ya hizo, bado aonwe na daktari siku hiyohiyo. Kwa hili sina kigugumizi. Kijana aliyegonga ubavu anaweza kusubiri aone maumivu yatakavyokuwa kesho. Mzee mwenye dawa hizi hana nafasi hiyo, kwa sababu kesho ndiyo siku ambayo damu inayovuja polepole huwa imeshajaa.

Mpaka atakapofika hospitali

Mketishe akiwa ameegemea kitu, kifua kikiwa juu. Akilala chali, mapafu hubanwa zaidi. Kama shingo au mgongo unamuuma, au hawezi kusogeza miguu, usimwinue. Mwache alivyo, mfunike asipate baridi, usubiri wenye utaalamu. Na hata asipokuwa na dalili hizo, usimvute kwa mikono miwili ili asimame, maana mvuto huo hutikisa mbavu zilizovunjika.

Jeraha linalotoka damu libane kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitu kilichochoma kifua na kubaki humo kisichomolewe, kwa kuwa huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kama kuna tundu linalopitisha hewa, lisizibwe kwa plastiki pande zote. Hewa inayovuja kutoka kwenye pafu itakosa pa kutokea, ijae ndani na kukandamiza pafu na moyo. Liache wazi, au lifunike kwa kitambaa kikavu ukibadilishe kikilowa.

Usimchue wala kumkanda kwa maji ya moto. Najua mkono huenda huko wenyewe mtu akilalamika ubavu, lakini joto hutanua mishipa ya damu, na kukandamiza huchokonoa mahali palipovunjika. Kitu cha baridi kilichozungushiwa kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa wakati mmoja, kinafaa zaidi kwa siku mbili za mwanzo. Asile wala kunywa kabla ya kuonwa, kwani huenda akahitaji upasuaji. Asipewe ibuprofen, diclofenac wala aspirin ya maumivu.

Kisha andika mambo mawili: saa aliyoumia, na saa aliyomeza dawa yake ya mwisho. Saa hizo mbili zitaamua mengi.

Kwa nini kifua, na kwa nini mzee

Chini ya ukingo wa kila ubavu hupita mshipa unaopeleka damu, mshipa unaoirudisha na neva, vikiwa vimelala pamoja kwenye mfereji wa mfupa. Ubavu ukivunjika, ncha yake kali inaweza kuchana kimojawapo. Kwa mtu ambaye damu yake huganda kawaida, mchano mdogo hujiziba. Kwa anayetumia dawa za kuzuia kuganda, hutiririka na kuendelea kutiririka.

Inakwenda wapi? Kati ya pafu na ukuta wa kifua kuna nafasi ambayo kwa kawaida ina majimaji kidogo sana, mililita chache tu za kulainisha. Nafasi hiyo, kila upande, inaweza kupokea zaidi ya lita 2 za damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi mwilini mwake mwote. Kwa hiyo mzee anaweza kupoteza sehemu kubwa ya damu yake ndani ya kifua chake mwenyewe, na shuka likabaki safi. Kadiri damu inavyojaa ndivyo pafu linavyosinyaa, na anabanwa pande mbili: damu inapungua na hewa inapungua.

Mbavu za chini zina hatari yake. Za kushoto hufunika bandama, za kulia hufunika ini, na nyuma yake ziko figo. Damu ikivuja tumboni inaweza kuchokoza kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yakasikika begani. Ndiyo maana bega lisilogongwa limo kwenye orodha ya dharura.

Mifupa ya mzee haihitaji ajali kubwa. Kuanguka kutoka kimo cha kusimama kunatosha kuvunja mbavu kadhaa, na wenye mifupa iliyodhoofika huweza kuvunjika ubavu kwa kikohozi kikali tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuatilia wagonjwa wa miaka 65 na zaidi waliovunjika mbavu. Kila ubavu wa ziada uliovunjika uliambatana na ongezeko la asilimia 19 katika hatari ya kufa, na asilimia 27 katika hatari ya nimonia. Kwa hiyo swali la "ni mbavu ngapi?" ni la lazima, na familia ina haki ya kupewa jibu lake.

Kuna jambo jingine linalowapoteza hata wahudumu wenye uzoefu. Mtu anayepoteza damu kwa kawaida moyo humwenda mbio. Lakini wazee wengi humeza dawa za presha au za moyo, kama atenolol, bisoprolol au carvedilol, ambazo huuzuia moyo kukimbia. Mapigo yanabaki 70 huku damu ikiisha. Presha nayo hudanganya: mzee aliyezoea 160 ya juu, akionekana na 115, kipimo kitasomeka vizuri ilhali kwake ameshuka mno. Miongozo ya huduma za dharura Marekani huhesabu presha ya juu iliyo chini ya 110 kwa mtu wa miaka 65 na zaidi kuwa dalili ya hatari, wakati kwa vijana kiwango kinachotumika ni 90. Ukijua presha ya kawaida ya mzee wako, waambie. Hakuna mtu mwingine pale anayeijua.

Ijue dawa anayotumia

Dawa hizi hazifanani, na tofauti zake ndizo zinazoamua vipimo gani vifanywe na matibabu gani yatolewe.

Warfarin hufanya kazi kwa kupitia vitamini K kwenye ini. Nguvu yake hupimwa kwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Baadhi ya wenye vali ya bandia ya moyo huwekwa juu zaidi, hadi 3.5. Mtu akiacha kuimeza leo, huchukua hadi siku 5 hivi damu kurudi kwenye hali yake ya kawaida.

Apixaban, rivaroxaban, edoxaban na dabigatran ni za kizazi kipya. Nguvu zake hushuka haraka zaidi, ndani ya siku moja au mbili, figo zikiwa nzima. Hapo pana sharti kubwa. Karibu asilimia 80 ya dabigatran hutolewa na figo, na zile nyingine nazo hutegemea figo kwa kiasi fulani. Mzee ambaye figo zimechoka, au aliyeharisha na kukaukiwa maji siku mbili kabla ya kuanguka, hubaki na dawa mwilini muda mrefu kuliko vitabu vinavyosema. Tena, INR haipimi dawa hizi ipasavyo. Mtu anaweza kuwa na INR nzuri kabisa huku amejaa rivaroxaban. Ukiambiwa "INR yake ni nzuri, hana shida", uliza kwa adabu kama waliandika ni dawa ipi anayotumia.

Aspirin, clopidogrel na prasugrel ni kundi jingine. Hizi hulemaza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia kuziba mchano. Chembe iliyolemazwa haiponi. Mwili husubiri kutengeneza nyingine, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Hivyo "leo hajameza" haisaidii kitu. Ticagrelor huachia mapema kidogo, ndani ya siku kadhaa. Wengi husahau kuitaja aspirin ndogo ya kila siku, ile ya miligramu 75, 81 au 100, kwa kuwa wameizoea kama chumvi mezani. Itajwe.

Sindano za heparin na enoxaparin zimo pia, hata kama alichomwa wiki iliyopita tu baada ya upasuaji. Na wapo wanaotumia mbili kwa pamoja, kwa mfano apixaban kwa ajili ya moyo unaodunda ovyo na clopidogrel kwa ajili ya stenti, kile kimirija kinachowekwa kwenye mshipa wa moyo ili ubaki wazi. Hao wako kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wenye moja.

Usisahau dawa za kununua bila cheti: vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo, mafuta ya samaki, na mitishamba yoyote. Daktari hatakasirika. Anahitaji kujua.

Usimwachishe dawa mwenyewe

Familia nyingi hukosea hapa kwa nia njema. Mzee ameanguka, dawa inaleta damu kutoka, basi tunaificha. Lakini dawa hiyo aliandikiwa kwa sababu. Mwenye moyo unaodunda ovyo hulindwa dhidi ya kiharusi. Mwenye vali ya bandia hulindwa dhidi ya bonge la damu linaloweza kuiziba vali ghafla. Aliyewekewa stenti miezi michache iliyopita hulindwa dhidi ya mshtuko wa moyo. Dawa za kizazi kipya hutoka mwilini upesi, kwa hiyo kinga nayo hutoka upesi.

Utaratibu ninaoushauri ni huu: kama saa ya dozi inakaribia na mzee hajaonwa, chukua dozi hiyo pamoja na pakiti zake zote uende nazo hospitali, na uulize kabla hajaimeza. Kama kufika kutachelewa kwa saa kadhaa, piga simu kwa daktari wake, kliniki yake au huduma ya dharura na uulize kuhusu dozi hiyo moja. Jibu litatoka kwa mtu anayejua sababu ya dawa na ukubwa wa jeraha. Jambo dogo, lakini huokoa pande zote mbili.

Karatasi moja ya kubeba

Iandaliwe leo, kabla ya ajali, ikae mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani, na nakala yake iwe kwenye simu. Iwe na jina na umri wa mzee, kila dawa na kipimo chake, sababu ya dawa ya kuzuia damu kuganda, INR ya mwisho na tarehe yake kama ni warfarin, hali ya figo na ini, uzito, presha yake ya kawaida, magonjwa ya mapafu, mzio, na simu ya daktari wake. Acha mstari mtupu wa kujaza saa ya dozi ya mwisho.

Bila karatasi, beba mfuko mzima wa dawa. Kumwambia mhudumu "ni kidonge cheupe kidogo" hakumsaidii.

Hospitalini: yanayofanyika, na ya kuuliza

Sentensi ya kwanza mezani kwa mhudumu iwe hii: "Ameumia kifua, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa yenyewe ni hii, na alimeza mara ya mwisho saa fulani." Usingoje kuulizwa. Mzee anayekaa kimya na kutabasamu kwenye foleni huonekana kuwa mgonjwa wa kusubiri.

Watampima pumzi, presha, oksijeni na mapigo. Watachukua damu: kiwango cha hemoglobini, kuganda, figo, kundi la damu. Ni vizuri ujue kwamba hemoglobini ya kwanza inaweza kuwa nzuri hata kama anavuja, kwa sababu kinachobaki kwenye mishipa bado hakijachanganyika na maji ya kutosha kuonyesha upungufu. Kipimo cha pili baada ya saa chache ndicho chenye maana. Uliza kitarudiwa lini.

Eksirei ya kifua ni mwanzo mzuri, ila hukosa mbavu nyingi zilizovunjika, na damu iliyo chini ya mililita 200 hivi inaweza isionekane kabisa hata mgonjwa akipigwa picha akiwa wima. Akipigwa amelala, hufichika zaidi. Altrasaundi ikishikwa na mikono iliyozoea huona damu kidogo haraka, na CT scan huona mengi kuliko zote. Kwa mzee mwenye dawa hizi na maumivu makali, sioni ubaya kuuliza waziwazi: "Je, CT inahitajika?" Kama kichwa kiligongwa, swali hilohilo liulizwe kuhusu kichwa. Wanaweza pia kupima umeme wa moyo, kwa sababu huenda moyo ndio uliomwangusha.

Huko Wales kulitengenezwa mizani ya alama, iliyochapishwa mwaka 2014, inayosaidia kuamua nani alazwe baada ya kugongwa kifua. Kila miaka 10 ya umri huongeza alama 1, kila ubavu uliovunjika alama 3, ugonjwa sugu wa mapafu alama 5, na oksijeni ikishuka chini ya 95 kila asilimia 5 huongeza alama 2. Kutumia dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya ajali ni alama 4. Yaani dawa peke yake ina uzito kuliko ubavu mmoja uliovunjika. Ukiambiwa alazwe usiku mmoja aangaliwe ingawa picha ni safi, kubali.

Ikionekana anavuja sana, wanaweza kuigeuza nguvu ya dawa. Kwa warfarin hutolewa vitamini K kwa njia ya mshipa, pamoja na mchanganyiko uliokolezwa wa vigandishi vya damu, au utegili (sehemu ya majimaji ya damu) uliogandishwa kisha kuyeyushwa pale mchanganyiko huo usipopatikana. Vitamini K peke yake huchukua saa nyingi kufanya kazi. Dabigatran ina dawa yake maalumu, idarucizumab, ambayo dozi yake ni gramu 5. Kwa apixaban na rivaroxaban, ule mchanganyiko wa vigandishi hutumika sana. Heparin hupingwa kwa protamine. Ipo pia tranexamic acid, inayozuia donge la damu lisiyeyuke mapema. Kwa waliojeruhiwa wanaovuja damu nyingi hutakiwa kuanza ndani ya saa 3 tangu kuumia, na ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Ndiyo sababu ya kuandika saa.

Damu ikijaa kifuani, huwekwa mrija kati ya mbavu ili itoke na pafu litanuke tena. Ikitoka zaidi ya mililita 1,500 mara moja, au ikaendelea kutoka kwa kasi, madaktari wa upasuaji huitwa.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, usitoke bila majibu ya haya: Zimevunjika mbavu ngapi, na zipi? Dozi inayofuata ya dawa ya damu ni lini, na nani ameamua? Ameandikiwa nini cha maumivu? Arudi lini, na kipimo gani kitarudiwa? Usiku wa manane nimpigie nani? Majibu yaandikwe.

Maumivu ndiyo mlango wa nimonia

Wazee wengi huvumilia na kusifiwa kwa uvumilivu. Katika jambo hili uvumilivu unaua. Anayeumwa ubavu huvuta pumzi fupi na huogopa kukohoa. Makohozi hutuama chini ya mapafu. Siku ya tatu au ya nne homa inapanda. Kwa hiyo maumivu yatibiwe kwa saa, kabla hayajapanda, na lengo liwe avute pumzi ndefu na akohoe.

Paracetamol ndiyo msingi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na mzee mwembamba, aliye chini ya kilo 50 au mwenye ini dhaifu apewe kidogo zaidi kwa maelekezo ya daktari. Kama anatumia warfarin na atameza paracetamol kila siku kwa siku kadhaa mfululizo, INR ipimwe mapema kuliko ilivyopangwa, kwani inaweza kupanda. Tramadol nayo inaweza kuipandisha.

Ibuprofen, diclofenac, naproxen na ndugu zake zisitumike. Huchokonoa tumbo, huzidi kulemaza chembe sahani, na hubana figo ambazo ndizo zinazoondoa dawa nyingine mwilini. Dawa nyingi za kuchua zenye harufu kali zina methyl salicylate, ndugu wa aspirin. Hupenya ngozi, na zikipakwa kwa wingi kwa anayetumia warfarin zimewahi kuleta madhara ya kuvuja damu. Soma pakiti.

Dawa kali za jamii ya mofini zinaweza kuhitajika kwa siku chache. Aanze kidogo, aangaliwe asisinzie kupita kiasi wala kupunguza kupumua, na apewe kitu cha kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana kujikamua chooni huumiza kifua upya. Hospitalini yapo pia ganzi za kuchoma karibu na neva za mbavu. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo huwa na tahadhari kubwa kwa watu hawa kwa sababu damu inaweza kuvuja kuzunguka uti wa mgongo, kwa hiyo usishangae ikikataliwa.

Kifua kisifungwe bandeji ya kukaza. Zamani ilifanyika; leo inajulikana kwamba hubana mapafu na kualika nimonia.

Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu taratibu mara 10, akishikilia kila moja kwa sekunde mbili au tatu. Kama amepewa spirometa ya kuvuta (kifaa cha mkononi cha kufanyia mazoezi ya kuvuta pumzi), aitumie kwa mpango huo. Kisha akohoe mara mbili huku amekumbatia mto uliokandamizwa mahali panapouma. Alale ameinuliwa kwa mito. Aamke atembee mapema kadiri anavyoruhusiwa; kitanda ni rafiki wa nimonia na wa damu kuganda miguuni, hasa kama dawa yake imesimamishwa.

Wiki mbili za kuangalia

Pafu lililopondeka huwa baya zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Damu inayochelewa kujaa kifuani mara nyingi hujitokeza siku chache baada ya ajali, lakini inaweza kuja hadi wiki ya pili. Hapo ndipo familia nyingi huwa zimeshalegeza macho.

Tafuta daftari. Asubuhi na jioni andika idadi ya pumzi kwa dakika, mapigo, oksijeni kama kuna kifaa cha kidoleni, joto la mwili, na jinsi anavyoongea na kuelewa. Oksijeni ikishuka chini ya 92, au chini ya kiwango alichopangiwa na daktari kama ana ugonjwa wa mapafu, arudi. Usiangalie namba moja peke yake. Angalia inaelekea wapi. Pumzi 16 jana, 19 leo asubuhi, 22 jioni: huyo anarudi hospitali, hata kama hakuna namba iliyovuka mpaka.

Mchubuko uzungushie mstari wa kalamu kwenye ukingo wake na uandike saa pembeni. Kubadilika rangi kuwa zambarau, kijani, kisha njano ni kawaida, na kushuka kuelekea kiunoni pia ni kawaida kwa sababu damu hufuata mteremko. Kisicho cha kawaida ni uvimbe mgumu unaokua, ngozi inayovutika, au mchubuko unaoruka mstari huku anazidi kupauka na kuchoka.

Arudi mara moja akipata pumzi fupi ya ghafla, hasa baada ya kujigeuza kitandani au kukohoa kwa nguvu, homa, makohozi ya rangi au yenye damu, choo cheusi kama lami, kichwa kuuma kusikoisha, kutapika, au kuchanganyikiwa kupya. Kuchanganyikiwa kwa mzee kusichukuliwe kuwa uzee. Mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba hewa au damu imepungua.

Mbavu huchukua wiki 6 hivi kuunga, na kwa mzee huweza kuzidi. Maumivu yanayopungua kidogokidogo ni njia sahihi. Yanayorudi juu baada ya kupoa yana sababu.

Kurudi kwenye dawa

Kama dawa ilisimamishwa, lazima kuwe na tarehe ya kuirudia, au tarehe ya kuonana na mtu wa kuamua. "Acha kwanza" bila tarehe ni hatari, kwa sababu mzee husahaulika hapo na kiharusi hakisahau. Mwenye vali ya bandia au stenti changa atarudishwa mapema na kwa uangalizi mkubwa. Mwingine anaweza kusubiri zaidi. Daktari wa jeraha na daktari wa moyo wazungumze. Wasipozungumza, wewe ndiye utakayebeba ujumbe baina yao. Akirudia, asifidie dozi zilizopita kwa kumeza mbili.

Akiandikiwa dawa za kuua vijidudu kwa ajili ya kifua, mkumbushe daktari kuhusu warfarin. Ciprofloxacin, clarithromycin, metronidazole na cotrimoxazole zote zinaweza kuipandisha INR. Ipimwe ndani ya siku chache. Na huu ni wakati mzuri wa kuuliza kama anayetumia aspirin pamoja na dawa nyingine ya damu bado anazihitaji zote mbili.

Wapo watakaoshauri aache kabisa kwa kuwa huanguka. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada walipiga hesabu kuhusu wazee wenye moyo unaodunda ovyo, wakakuta kwamba mzee angehitaji kuanguka mara 295 hivi kwa mwaka ndipo hatari ya kuvuja damu kuzunguka ubongo kwa sababu ya warfarin ipite faida ya kuzuia kiharusi. Hesabu hiyo ilihusu damu inayovuja kichwani tu, haikugusa kifua, na kila mtu ana yake. Lakini inaonyesha kwamba kuanguka peke yake si sababu ya kumnyima kinga.

Kinachostahili kushughulikiwa ni kuanguka kwenyewe. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi upande wa juu, dawa zake za presha zipitiwe. Pitieni dawa za usingizi. Miwani ipimwe upya, taa iwekwe kwenye njia ya kwenda chooni, vishikio viwekwe bafuni. Na kwa kuwa ubavu umevunjika kwa kuanguka tu, mwombe daktari kipimo cha uimara wa mifupa: mifupa dhaifu ina tiba, na isipoanza sasa, mfupa unaofuata huenda ukawa wa nyonga.